Wimbo wa kuku umenikosanisha na jirani, na binti yangu hataki tena nimwimbie

Shikamoo Shangazi,

Mie ni mama wa watoto wawili naishi Ngamiani hapa hapa Tanga, nyumba ya kupanga, familia nne uwa mmoja bomba moja, yani mtu ukipika kila mmoja anajua umepika nini kabla hata hujafunua sufuria. Asubuhi nauza bajia, kachori na mihogo ya kukaanga, mume wangu yuko bandarini anafanya kwa shifti. Binti yangu ana miaka 9 na mdogo wake wa kiume ana miaka 3.

Sasa Shangazi mie nina ugonjwa wa kutunga nyimbo. Sio nyimbo za maana jamani, upuuzi mtupu, na sauti yenyewe sina, naimba kama bati linaburuzwa barabarani. Ila mkono ukishika kazi mdomo nao unaanza. Kuna wimbo wa kukata kucha, wimbo wa kutafuta kiatu cha pili, wimbo wa dawa ya minyoo, na huyu mdogo haogi kabisa mpaka aimbiwe wimbo wa kwapa:

Kwapa la kushoto limenuna,
la kulia nalo linaguna,
tukilipaka povu lanona,
kesho alfajiri tutavuna!

Hapo kwenye kuvuna namtekenya. Siku hizi akisikia tu "limenuna" mkono anainua mwenyewe, zamani kumuogesha ilikuwa vita hadi majirani wanauliza kwani mnamchinja.

Matatizo yameanza na kuku. Jirani yangu wa chumba cha mkabala anafuga kuku, mmoja mweupe hana adabu hata kidogo, mkifunua chakula tu huyo kaingia, na mwanangu nae alikuwa mgumu wa kula basi nikatunga wimbo ili awahi kumaliza kabla kuku hajafika:

Kuku mweupe kidokodoko,
asubuhi yupo, mchana hayupo,
pilau likiiva ndo yupo yupo,
mwambieni kwao kuna ukoko!

Watoto wa uwa mzima wakaudaka. Ijumaa moja nimepika pilau, nimekaa kitako napakua, watoto wamegeuza ndoo ngoma wanaimba kuku mweupe kuku mweupe, mara jirani huyo anatokea na kikombe anakuja kuomba chumvi. Shangazi, wakati huo watoto wamefika pale pa "yupo yupo". Alisimama, akaniangalia, akageuka na kikombe chake. Tangu siku hiyo salamu hakuna, bombani nikifika yeye anaondoka hata ndoo haijajaa, na juzi kafua kanga imeandikwa HASIDI HANA SABABU kaianika kwenye kamba mbele ya dirisha langu, maandishi yameelekea kwangu, imekauka kitambo na haianuliwi. Naapa wimbo ni wa kuku! Sasa nimfate nimueleze au ninyamaze?

La pili ni binti yangu. Huyu nilimtungia wimbo wa kulala alipozaliwa, babake alikuwa safarini tukawa wawili tu chumbani, nikawa namwita kipande changu cha mofa, ule mkate, maana alikuwa wa duara na wa moto:

Lala kipande cha mofa, lala,
siagi nakupaka mwili mzima,
panya akipita hatokuona,
umejifunika shuka la mama.

Ameukulia wimbo huo, akiumwa ananiomba mwenyewe. Mwezi uliopita alikuwa na homa namwimbia, wifi yangu akarekodi kwa simu akaweka stetasi eti "mapenzi ya mama", mama wa mwanafunzi mwenzie akaiona, watoto wakaiona, na sasa shule nzima anaitwa Mofa. Karudi nyumbani kanambia mama usiniimbie tena, mie sio mtoto. Nilicheka kidogo nikadhani utani, lakini kweli, usiku nikianza anageukia ukutani anajifunika hadi kichwa. Roho inaniuma Shangazi, sijui niseme nini.

Na mume wangu nae anasema yote haya ni sababu ya nyimbo zangu, niache, watoto niwawekee nyimbo kwenye simu, kule kuna sauti nzuri na picha, bando atanunua yeye. Anasema usiku nawapandisha watoto wazimu badala ya kuwalaza. Kweli huyu mdogo akipanda kitandani anataka wimbo wa kwapa, tunacheka mpaka saa nne usiku na baba mtu anaamka saa kumi alfajiri. Lakini Shangazi mie nikiacha kuimba nitakuwa nani humu ndani?

Nishauri.
Mama Nyimbo, Ngamiani


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kanga.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka, ya pili nikaona hapana, hapa kuna watu watatu wamekwazika kwa sababu tatu tofauti na wewe umezifunga zote kwenye fundo moja ukaliita "nyimbo zangu". Tuzifungue.

Tuanze na kuku. Mie nakuamini kuwa wimbo ni wa kuku, ila kama ningekuwa mie ndo nimesimama pale na kikombe cha chumvi ningenuna pia, pengine kumzidi huyo jirani. Kwanza kuku ni wake. Pili umesema "mwambieni kwao kuna ukoko", kwao kuku ni wapi mwanangu kama sio kwake? Na tatu, kuku gani unayemjua wewe anasubiri pilau? Kuku anakula chochote saa yoyote, anayesubiri pilau liive ni binadamu, hiyo hata mtoto anajua.

Halafu umesahau uko mji gani. Tanga hapa mtu akisikia wimbo haulizi unasemaje, anauliza kaimbiwa nani. Mama zetu wamekua na taarabu ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, miaka ya 1970 huko, magitaa ya umeme na Shakila anaimba, na ukumbini mtu alikuwa anainuka na noti yake kwenda kutunza anapita makusudi mbele ya mbaya wake, anatembea polepole, noti juu, ubeti ule ule aliokuwa anausubiri tangu jioni. Hajasema neno na kila mtu kaelewa. Ilipofika miaka ya 1990 na mipasho ya Dar ndo hata ile heshima ya kuficha ikapungua. Na kanga ndo usiseme, duka zima limejaa maneno na mnunuzi kabla ya kutazama rangi anasoma kwanza. Sasa katika mji huu unaenda kuwafundisha watoto kumi wa uwani wimbo wa anayekuja chakula kikiiva, unategemea mtu aamini ni ndege?

Umeniuliza ukamueleze. Usimueleze. Fumbo ukilieleza umelikubali, utamwambia "sio wewe ni kuku wako" na hapo utakuwa umetukana mara mbili. Nenda kwake mwenyewe kwa miguu yako, baada ya alasiri, saa ambayo hakuna mtu yeyote anapika, usitume mtoto na usitume meseji. Piga hodi, kaa, ulizia hali ya nyumbani, kisha sema tu: mwenzangu, nimeona wimbo wa watoto umekukwaza, mie ndo niliwafundisha, nisamehe, hautoimbwa tena uwani. Basi. Akisema "wimbo gani, mie sina habari" mkubalie, hiyo ndo namna yake ya kupokea, mnywe chai muongelee bei ya mafuta ya kupikia. Na tafadhali mwanangu, najua moyo wako utakutuma ubebe kitu mkononi, beba machungwa, beba kachori zako, ila usithubutu kupeleka sahani ya pilau.

Kanga usiiguse. Mtu akiianika yeye ndo anajua lini ataianua, na wewe usiende dukani kutafuta ya kujibu maana hapo hamtaacha mpaka mwenye nyumba awahamishe wote wawili.

Kwa watoto usiwaambie "acheni kuimba", ukikataza ndo umewapa nguvu, wataimba hadi chooni. Wabadilishie mnyama. Ukiishi uwa wa kushirikiana usitunge wimbo wa kitu ambacho mwenzako anakifuga, anakiuza au anakivaa, chukua mnyama ambaye hakuna mpangaji anaye. Kiboko, kwa mfano. Ngamiani nzima hakuna anayefuga kiboko:

Kiboko mnene kavaa msuli,
kaingia jikoni hajabisha hodi,
kaomba kijiko akapewa beleshi,
meza tonge lako kabla hajarudi!

Ndoo zipigwe, watoto wapige kelele, hakuna wa kununa. Na umeona pale mwisho, nimemwambia mtoto afanye nini. Wimbo wa kulisha lazima tonge liwemo ndani yake, ule wa kwako watoto walibaki wanaangalia mlango kumsubiri kuku, sahani imesahaulika.

Sasa mumeo. Hapa mie sitakutetea moja kwa moja kama ulivyotegemea. Ukisoma vizuri maneno yake, yeye hana ugomvi na sauti yako, wala hana ugomvi na kwapa. Mtu anaamka saa kumi alfajiri aende bandarini na saa nne usiku mtoto bado anarushwa juu anacheka, lazima aseme niwekeeni simu. Anachotaka ni usingizi, kakosa njia ya kukwambia bila kukuumiza ndo akasingizia sauti nzuri na picha.

Kuhusu simu yenyewe tuseme haki. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal kule Kanada uliotoka 2015 ulichukua watoto ambao hata mwaka hawajatimiza, wakawasikilizisha rekodi ya wimbo wa Kituruki, lugha wasiyoijua kabisa, na mamamtu wala hawamuoni usoni, wakatulia kama dakika 9 kabla ya kuanza kulalamika, wakati waliosikilizishwa maneno ya kuongea tu waliishia kama dakika 4. Hiyo ilikuwa rekodi, tena ya mtu baki. Kwa hiyo simu inaweza kumtuliza mtoto, mumeo hajaropoka. Lakini jambo kubwa hapo ni kuimba, na kuimba unako bure hakuli bando. Halafu mtoto sauti ya mamake anaijua mapema mno: mwaka 1980 huko Marekani watafiti waliwapa vichanga chuchu ya bandia iliyofungwa kwenye mashine, watoto hata siku tatu hawajatimiza duniani, akinyonya kwa mwendo huu anasikia sauti ya mama yake, akinyonya kwa mwendo ule anasikia ya mama wa mwenzie, na wengi wao wakabadili mwendo wa kunyonya ili wampate wao. Hiyo sauti yako ya bati mwanao angeweza kuitafuta hivyo hivyo. Na kwa umri wa huyo wako, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka 3 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya kioo cha simu au TV, na ikipungua ndo bora, sasa hiyo saa moja usiipeleke kitandani.

Ambacho simu haiwezi ni kumuona. Video haijui kwamba leo kaangusha jino, au kaogopa mbwa, au anataka mstari ule ule urudiwe kwa mara ya saba, yenyewe inaendelea tu na tangazo katikati. Wewe ukiimba unamtazama, akicheka unarudia, akianza kusinzia unapunguza. Na hapa kwenye kupunguza ndo penye kazi yako, maana kutunga unajua ila unaimba nyimbo za mchana usiku.

Wimbo wa kwapa ni wimbo wa bafuni. Una kasi, una kutekenya, una pale mwisho pa kushtukiza ambapo mtoto anangoja roho juu. Hivyo vyote vinamuamsha. Ukiuimba saa ya kulala unamwambia mtoto amka kwa lugha anayoielewa kuliko zote. Lakini pia usimwambie hakuna tena kwapa, atalia mpaka bandarini wasikie. Mchukue huyo huyo kwapa anayempenda umlaze:

Kwapa limelala,
goti limelala,
kidole kimelala,
kisogo kimelala,
mguu umelala...

Unaenda hivyo, kila ukitaja kiungo unakishika kidogo kwa kiganja, usitekenye hata akuombe. Sauti ishuke kila mstari. Mwanzo muache yeye ataje, atasema pua, utasema pua imelala, atasema tumbo, tumbo limelala, atajaribu kukuchokoza atasema matako, nayo yamelala bila kucheka, wewe usicheke ndo siri yenyewe, ukicheka tu mmeanza upya. Kidogo kidogo uache nafasi ndefu kati ya mstari na mstari. Viungo vikiisha rudi mwanzo. Baadae acha kutaja kiungo baki na "limelala, limelala", halafu acha na maneno guna tu. Mwendo wake uwe wa pumzi ya mtu aliyelala tayari, yani ukijisikia wewe mwenyewe macho yanakuwa mazito basi hapo umeupata. (Na faida nyingine, mtoto wa miaka 3 anajua limelala, kimelala, umelala, zimelala bila mwalimu wala fimbo.) Siku za mwanzo atagoma, atadai kuvuna. Mwambie tumeshavuna bafuni, shamba limefungwa. Baada ya muda mwili wake wenyewe utajua wimbo huu maana yake nini.

Muogeshe mapema pia, kabla ya chakula, ili kucheka kuishe huko huko kwenye beseni.

Na usione aibu kwamba nyimbo zako za kulaza ni za panya na siagi. Kuna watu wanadhani bembelezi lazima liwe la maua na nyota, wakati kuna kibao cha udongo cha Babeli kipo British Museum London, kina kama miaka 4,000, kimeandikwa wimbo wa kumlaza mtoto na ndani mtoto analaumiwa kwamba kwa kilio chake kamuamsha mungu wa nyumba. Mumeo sio wa kwanza kuamshwa, mwambie hivyo mkiwa na furaha.

Nimemuacha binti mwisho maana ndo barua yenyewe. Kuku na simu umeniandikia kwa kucheka, kwa binti maneno yamekuishia.

Mwanangu, ule wimbo wa mofa ni wa nani? Uliutunga wewe sawa, lakini ulipompa ukawa wake, anaombwa ruhusa yeye. Wifi yako alipourusha hakuimbisha wimbo wako, alitoa kitu cha mtoto mgonjwa, yuko kitandani hajavaa vizuri, jasho usoni, akakianika barabarani. Kwa hiyo anapokwambia "usiniimbie" mie sisikii "sikupendi mama" wala sisikii "nimekua". Nasikia mtu ambaye kitu chake cha ndani kimetoka nje na anajaribu kukifungia mlango. Angekuwa hakijali angecheka na wenzie.

Ila kweli pia miaka 9 ni umri wa aibu, hata bila ile klipu siku ingefika. Anaanza kujiona kwa macho ya wenzake.

Muongee nae, lakini usimkalishe kikao. Siku ya kumsuka ndo nzuri, kichwa kiko magotini kwako, hakuoni usoni na wewe humuoni, hapo watoto wanasema mambo ambayo mbele ya macho hawayasemi. Mwambie samahani kwa iliyotokea, shangazi yake, yani wifi yako, hakuwa na haki na wewe hukumkataza. Kisha muulize: wimbo wako unataka nifanyeje? Tuufunge kabisa? Ubaki wa siku za homa tu, mlango umefungwa? Nibadilishe maneno? Umuachie aamue, na akisema ufungwe, funga kweli, usije ukaukosea usiku wa manane eti umepitiwa. Na kuna kitu nakuomba sana, usimpe mdogo wake. Najua utashawishika, mdogo yupo, analala pale pale, wimbo unao mdomoni. Ukimuimbia mdogo, dada atausikia kutoka upande wa pili wa kitanda na hilo hatokwambia kwamba limemuuma.

Kila mtoto na wake. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani hapo jirani na mji wetu mwaka 1909, aliwatungia wanawe tenzi, binti wa kwake na wa kiume wa kwake, hakuwachanganya. Zile ni nasaha za adabu na maisha bwana, humo hutakuta kwapa, ila mzazi wa Tanga kukaa akamtungia mwanawe hujaanza wewe.

Pia mpe kazi. Nunua daftari la kawaida la mistari, mwambie mwandiko wako mbaya (nimeuona kwenye barua, sio uongo), yeye akuandikie nyimbo zote za nyumbani kabla hazijapotea, maana hizi za kutunga jikoni hakuna anayeziandika, mtoto akikua mnakumbuka mstari mmoja na mlio. Aandike wa kucha, wa kiatu, wa minyoo. Ukurasa wa mofa auruke akitaka. Na kwa jinsi ulivyo wewe sidhani kama damu hiyo imeishia kwako, siku moja utakuta katunga wa kwake, na uwezekano mkubwa utakuwa unakuhusu wewe, sauti yako, mwandiko wako, mafuta ya kukaangia yanavyorukia dera lako. Ukiukuta usinune. Cheka, uliza ubeti wa pili uko wapi.

La kuitwa Mofa shuleni usiende kugomba na mtu, wala usimfuate yule mama mwenzio getini, utaliongezea umri jina hilo. Watoto wanachoka na jina wakiona mwenyewe hapandi hasira. Muulize tu anajibuje wakimuita, mfanye mazoezi ya jibu moja fupi nyumbani, aseme "eeh, wa moto, utaungua" aendelee na safari yake. Lakini ukiona analia asubuhi hataki kwenda shule, au anafichiwa madaftari, hapo sio utani tena, nenda ukamuone mwalimu wake wa darasa kimya kimya bila watoto kujua.

Umeniuliza ukiacha kuimba utakuwa nani. Mie sijakwambia uache mwanangu, nimekwambia punguza kasi usiku na uombe ruhusa kwa mwenye wimbo. Mchana uwa ni wenu, kaanga bajia zako uimbe, kiboko yupo. Tena mumeo siku akiwa hana shifti muachie yeye zamu ya "limelala", wanaume wana sauti nzito inafaa kuguna, na akishamlaza mtoto kwa mdomo wake mwenyewe hutosikia tena habari za bando.

Limebaki la wifi. Stetasi inafutika yenyewe baada ya saa 24 lakini klipu bado iko kwenye simu yake, na kama namjua wifi wa aina hiyo kashaitupa na kwenye grupu la ukoo. Mpigie leo, usisubiri mkutane msibani. Usimgombeze, mwambie mtoto kaumia, naomba uifute kwako na kwenye grupu, na wale uliowatumia uwaombe nao wafute. Akikwambia "aah ni mapenzi tu", mwambie sawa ni mapenzi, ila futa.

Shangazi